Walokula wakawa wazima: kisa cha viazi karai mtaani kwetu

Hiki kisa kimetokea mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, masika, ile wiki mvua ilipiga siku nne mfululizo mpaka uani kukawa ni dimbwi tu. Nakiandika chote toka mwanzo manake watu wanakihadithia vipande vipande, kila mtu na kipande kinachomfaa, na mimi naona kilichotuharibia si ugonjwa peke yake, ni vile tulivyobishana.

Nyumba yetu ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani kuna kisima, jiko na choo cha shimo. Kutoka kisimani mpaka chooni ni hatua kumi na mbili zangu, nimezihesabu, na hilo tutalirudia. Mwenye nyumba ni ami yangu, wengine ni wapangaji. Pale pembeni ya njia kuna mama mmoja anauza viazi karai, amekuja kama miezi miwili kabla ya mvua, anatoka bara, anaanza baada ya alasiri na kufikia isha sinia iko tupu. Viazi vyake ni vizuri wallahi, unga haukatiki, na ukwaju wake mzito.

Jumatatu usiku mtoto wa chumba cha pili akaanza kuhara na kutapika. Jumanne wakawa watano. Jumatano tushahesabu kumi na mmoja, na saa hiyo hakuna tena mtu anauliza ni nini, kila mtu anauliza ni nani.

Baada ya isha watu wakakaa barazani. Alofungua ni mama wa yule mtoto wa kwanza, na simlaumu, alikuwa hajalala siku mbili. Akasema, "Kabla huyu mama hajaja, hapa hakujawahi kutokea kitu kama hiki. Mwanangu alikula viazi Jumatatu jioni, usiku akaanza. Mnataka nini zaidi?" Barazani pote watu wakatikisa vichwa, na mimi ntakwambia ukweli, hata mimi nilihisi hapo mambo yamekwisha.

Lakini hebu itazame hiyo hoja polepole. Inasema hili limekuja baada ya lile, kwa hivyo lile ndo limeleta hili. Wazee wetu wana jibu lake na ni jibu kali kuliko vitabu vingi: liwike lisiwike, kutakucha. Jogoo anawika alfajiri, kunakucha, kila siku hivo hivo bila kukosa, na bado si yeye anayeleta jua. Huyu mama alikuja miezi miwili kabla. Miezi miwili hiyo watoto wamekula viazi vyake kila jioni na hakuna alohara. Kitu kilichokuwa kipya wiki ile si yeye, ni mvua, na maji ya kisima yaliyopanda mpaka ukiinama unayaona karibu, na rangi yake haikuwa ile ya siku zote. Watoto walikula viazi kabla ya kuumwa, ndio. Walikunywa maji pia kabla ya kuumwa, walikwenda shule, walicheza kwenye dimbwi. Mbona tulichagua kiazi? Kwa sababu kiazi kina mwenyewe wa kunyooshewa kidole, na mvua haina.

Hapo ndo ikaja ya pili, na hii inaniuma mpaka leo. Kijana mmoja wa bodaboda, rafiki yangu tena, akasema "hawa watu wa bara hawajui usafi." Hakuna alomkataza. Angalia kilichofanyika hapo: tulikuwa tunazungumza juu ya ugonjwa, ghafla tunazungumza juu ya kabila. Kama mikono yake ni michafu, hilo ni jambo la kwenda kuangalia, nenda kaone ananawa au hanawi, ana sabuni au hana, mafuta yana siku ngapi. Ni jambo la dakika kumi. Lakini ukishasema "hawa watu" huendi tena kuangalia, manake jibu unalo tayari mfukoni. Nilimuuliza baadaye kama ashawahi kumuona akipika na mikono michafu, akasema hajawahi, yeye hununua tu.

Halafu zikaja methali. Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu sisi Waswahili tunazipenda na mimi nazipenda, nimelelewa nazo, na ndo maana zinatupiga chenga kirahisi. Mzee mmoja wa nyumba ya tatu akasema kwa sauti ile ya kufunga mjadala, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kimya. Kama hakimu amesoma hukumu. Sasa hebu fikiria, kama kila lisemwalo lipo, basi hakuna uzushi duniani, na hakuna mtu hata mmoja mtaani kwetu anayeamini hivo likisemwa lake yeye. Mwengine akaongeza "Penye wengi hapaharibiki neno." Na mimi moyoni nikawa najibu na yangu, wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao, manake hiyo inasema wazi kwamba wengi wana nguvu, haisemi kwamba wengi wanajua.

Methali ni busara iliyofungwa vizuri ikabebeka. Inakukumbusha uangalie upande fulani. Lakini haijui kilichotokea Jumatatu. Kwa kila moja kuna nyengine inayoivuta upande wa pili: haraka haraka haina baraka, ngoja ngoja huumiza matumbo, sasa uende upi? Inategemea hali, na hali huijui mpaka uiulize. Ukiona mtu amefika kwenye methali kabla hajataja hata kitu kimoja alichokiona kwa macho yake, simama hapo.

Ami yangu alikuwa kimya muda wote. Nikasema mimi, kwa adabu, "Ami, na kisima je? Mvua hii, na choo pale..." Hakunimalizisha. Akasema kisima hicho kimechimbwa na babake, watu wamekunywa miaka yote na hakijamuua mtu, yeye mwenyewe amekulia maji hayo na mtazame alivyo. Na akaniuliza mbele ya watu kama mimi nasema babu yangu aliwapa watu sumu.

Hapo kuna mawili. Hilo la mwisho sikulisema, amelisema yeye halafu akalikataa, na watu wakaona nimeshindwa kwa neno ambalo halikutoka mdomoni mwangu. Hilo ni jepesi kulitambua ukilizoea, unarudia tu ulichosema, neno kwa neno, unanyamaza. Lakini la kwanza ni zito. "Tumekunywa miaka yote na tuko." Nani anayesema hivo? Wale walioko. Mtoto alokufa na kuhara miaka arobaini nyuma hayuko barazani kutoa ushahidi, na mamake aliambiwa ni mipango ya Mungu au ni jicho, hakuna aloandika "kisima." Walobaki ndo wanahesabiwa, kwa hivyo hesabu inatoka nzuri daima. Na isitoshe hata maji yenyewe si yale. Babu alipochimba nyumba zilikuwa chache, leo kila uani kuna shimo la choo, na ardhi yetu hii ya mchanga na mawe ya matumbawe haichuji sana, maji yanapita upesi, mvua ikijaa ndo kabisa. Wanaoshughulika na mambo ya maji wanataka angalau mita 30 baina ya choo na kisima. Zangu ni hatua kumi na mbili.

Kufikia hapo watu wameshaamua. Mtu akasema aitwe huyo mama aje athibitishe kwamba viazi vyake havina kitu. Nikashangaa sana, manake nusu ya watu pale wamesoma madrasa na wanaijua ile kanuni kama jina lao: ushahidi ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya anayekana. Na serikalini vile vile, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 107, anayedai jambo lipo ndo anayelazimika kulithibitisha. Si ukorofi wa mawakili huo. Jaribu kuthibitisha sasa hivi kwamba kiazi ulichouza Jumatatu, kikaliwa kikaisha, hakikuwa na kitu. Utathibitisha na nini? Ukimwambia mtu athibitishe asichoweza kuthibitisha halafu ukamhukumu kwa kushindwa, umemhukumu kabla hujamuita. Tena tunasoma kila mara, Suratul Hujurat aya ya 6, inayotutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Tunaisoma wallahi, na sauti nzuri.

Nikayasema haya, si yote, baadhi. Nikaambiwa "ama uko na wazazi wa hawa watoto, ama uko na mama wa viazi." Nikanyamaza. Usiku ule vijana wakaenda wakamwaga mafuta yake, mtungi mzima, na karai wakaipiga teke mpaka ikapinda. Sikuwepo lakini nilisikia kelele na sikutoka.

Sasa nifike kwenye kosa langu, manake kisa hiki bila kosa langu ni uongo. Nililala usiku ule nikiwa na hakika kwamba huyu mama hana makosa hata chembe. Kwa nini? Kwa sababu hoja zote zilizomshtaki zilikuwa mbovu. Nilizihesabu moja moja kichwani, hii imeoza, hii imeoza, hii imeoza, kwa hivyo mwanamke ni safi na kisima ndo mwenye dhambi. Na hiyo yenyewe ni hoja mbovu! Hoja ikiwa mbovu maana yake haijathibitisha kitu. Haijathibitisha kwamba ni kweli na haijathibitisha kwamba ni uongo. Mtu anaweza kusema mvua itanyesha kwa sababu goti lake linauma, na ikanyesha. Toka zama za Aristotle, aloziweka hoja potofu katika aina 13, watu wamejifunza kuzitambua na kuzipa majina, na ugonjwa wa kila anayejifunza majina hayo ni huu, anadhani akishataja jina amepata ukweli.

Alotutoa hapo ni mhudumu wa afya wa jamii, dada wa mtaa wa pili, alokuja Alhamisi asubuhi na daftari. Kwanza aliuliza hali za watoto, akawaonyesha kina mama kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa wale walioishiwa na pakiti za chumvi za wanaohara, ORS (lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawa sawa visizidi), na akasema mtoto mmoja apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Halafu akakaa pale pale barazani tulipokaa jana yake. Hakusema nani amekosea kufikiri. Aliuliza tu maswali manne, kwa kila mtu, na kuandika.

Nani aliumwa na alikula viazi? Hilo tulikuwa nalo, tena ndo peke yake tulilokuwa nalo.

Nani aliumwa na hakula?

Nani alikula na hakuumwa?

Nani hakula na hakuumwa?

Nimekaa nikaliwaza hilo siku nyingi. Baraza zima la watu wazima, watu wenye akili, wengine wamesoma, na tuliuliza swali moja kati ya manne. Lile swali la kwanza peke yake litamshtaki mtu yeyote na kitu chochote. Uliza nani aliumwa na alivaa ndara, wote.

Alipofika swali la pili watu wakaanza kutajana. Bibi wa chumba cha mwisho, ambaye hatoki kitandani na hana meno ya kiazi. Kijana anayefanya kazi bandarini, anayerudi usiku wakati sinia tupu. Wanawake wawili wengine. Halafu dada akamgeukia ami, kwa heshima kabisa, "Na wewe baba, umeamkaje siku hizi mbili tatu?" Ami akatazama chini. Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba ameanza Jumanne alfajiri. Na viazi karai hali, ana sukari, daktari alimkataza vya kukaanga zamani. Alikuwa mgonjwa barazani pale usiku wa jana, akitetea kisima, na anajua hakula viazi. Sidhani alikuwa anadanganya. Nadhani kumbukumbu ya babake ilikuwa nzito kuliko tumbo lake.

Hesabu ikafika kumi na wawili. Kumi wa nyumba yetu, wote wanakunywa kisima, watano walikula viazi na watano hawakula. Na kwenye nyumba yetu yuko mama mmoja anayechemsha maji kila siku mpaka watu humcheka kwa kumaliza gesi, yeye na wanawe watatu hakuna alougua. Wako na wengine watatu walokunywa maji mabichi na hawakupata kitu, dada akawaandika nao, hakuwaficha, kila mwili na nguvu zake.

Nikawa nashangilia ndani. Si nilisema! Lakini kulikuwa na wale wawili walobaki, watoto wa ng'ambo ya njia. Kwao hawanywi kisima chetu, wananunua maji ya mkokoteni. Na waliumwa. Na walikula viazi.

Nilitaka sana wale watoto wasiwepo. Nilishaanza kusema pengine wamecheza kwenye dimbwi, pengine wamekunywa kwetu bila kuonekana. Dada akaniambia, "Subiri kaka, usiwatoe. Hao ndo watatuambia kitu." Na hapo akanisimulia habari ambayo wao hufunzwa, ya daktari John Snow, London, mwaka 1854, kipindupindu kimeingia mtaa wa Soho na watu wanasema ni hewa mbaya. Yeye akashuku pampu ya maji ya Broad Street. Lakini hakutosheka kuhesabu wafu walio karibu na pampu. Alikwenda kuwatafuta wasiofaa kwenye hesabu: mjane mmoja alokufa mbali kabisa, Hampstead, kumbe alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu anapenda ladha yake. Na wafanyakazi wa kiwanda cha pombe pale pale jirani na pampu hawakufa kwa kipindupindu, kumbe walikuwa wanakunywa pombe yao na kisima chao. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukatolewa, maradhi yakaisha, na hadithi huishia hapo. Lakini Snow mwenyewe aliandika kwamba maradhi yalikuwa yameshaanza kupungua kabla ya mpini kutolewa, kwa hivyo hawezi kusema kwa hakika ni mpini uloyamaliza. Hilo lilinigusa kuliko vyote. Angeweza kujisifu na baada-ya-hili-kwa-hivyo-ni-hili, na ingemfaa yeye, na akakataa.

Basi tukavuka njia kuuliza. Watoto walokula viazi upande ule walikuwa kumi na mmoja. Saba walikula kavu au na pilipili ya unga, hakuna alougua. Wanne walikula na ukwaju, na wale wagonjwa wawili wako humo humo, mmoja mamake akasema hunywa ukwaju ulobaki kwenye karatasi mpaka anailamba. Ni watu wachache, dada akasema, usikimbie nayo. Lakini sasa tunajua pa kuuliza.

Tukamkuta huyo mama kwake, mlango nusu, hataki kutuona na ana haki. Mimi ndo nilosema maneno ya mwanzo na sitayaandika hapa. Dada akamuuliza anatengenezaje. Viazi vinachemshwa, vinachovywa kwenye unga, vinaingia mafuta ya moto, hapo hakuna kinachobaki hai. Ukwaju anauloweka usiku, anaukamua, anatia chumvi na pilipili, basi. Hauingii motoni. Na maji?

Akatutazama kama wajinga. "Maji ya kisimani kwenu. Si namlipa mzee shilingi tano kwa mtungi?"

Ndo hivo. Wale wa baraza walisema viazi vya yule mama vimewaumiza watoto, na kwa watoto wawili inaelekea walikuwa karibu na ukweli, kupitia hoja ambayo haina mguu hata mmoja wa kusimamia. Mimi nilosema hahusiki nilikosea, na hoja zangu nzuri. Na kilichomfikia yeye kilitoka uani kwetu, kwa kuuziwa. Afisa wa afya alipokuja kuchukua maji kwenye chupa, majibu yakatoka na vijidudu vya kinyesi, E. coli, ambao kwenye maji ya kunywa hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100.

Ami hakubishana na karatasi. Kisima kimetiwa dawa na kufunikwa, maji yake sasa ni ya kufulia na kuoshea tu, ya kunywa tunanunua na tunachemsha. Choo bado kiko pale pale, tunachangishana kukisogeza na mchango unakwenda polepole. Yule kijana wa bodaboda alinyoosha karai mwenyewe kwa fundi wa bati. Hajaomba msamaha kwa mdomo, nimemwambia aende, anasema atakwenda. Mafuta, ami alimpa mtoto noti zilizokunjwa apeleke, hakusema ni za nini.

Alhamisi ilofuata sinia ikarudi pembeni ya njia. Ukwaju sasa uko kwenye sufuria juu ya jiko la pili, unatoka mvuke, na watoto wanalalamika ni wa moto sana.